Modemu Niliyoinyamazisha

Kwenye msiba wa Papa Kabwe, kule Kalobeyei, makazi ya wakimbizi jirani na Kakuma, walinipa kiti cha mbele. Kilikuwa kiti cha plastiki cha buluu, mguu mmoja umeshonwa kwa waya, na kilikuwa kimojawapo cha viti vinne tu vilivyowekwa kwa ajili ya watu wa nyumbani. Mimi si wa nyumbani. Mimi ni Mturkana wa Lodwar. Marehemu alikuwa Mkongomani wa Kalemie, na kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa nimempa mgongo. Nilijaribu kukaa nyuma mkekani na akina mama wa kwaya, lakini mzee wa kanisa aliyeongoza shughuli alinifuata, akanishika mkono mbele ya watu. “Mama Nakiru, hapana, wewe unakaa pale. Si ni wewe ulileta barua ya Mapendo? Acha watu wakuone.” Kisha akawageukia waombolezaji akawaeleza kwamba zamani, kabla ya simu za mkononi, dada huyu ndiye aliyekuwa anatuma barua zetu kwa kompyuta. Watu wakanipigia makofi. Makofi msibani! Nikainama kama mtu anayeondoa mchanga kwenye kiatu. Mwanamke mnene wa makamo, kitambaa cheusi kichwani, akaketi kwenye kiti kilicho kando yangu, akaniwekea kiganja gotini. Nilijua ni nani kabla hajajitambulisha, kwa sababu alikuwa na masikio ya baba yake, makubwa na yaliyosimama kama ya mtu anayeitwa kwa mbali. “Mimi ni Mapendo,” alisema. “Tukimaliza, nina neno nitakuuliza.”

Mwaka ninaoukimbia ni ule nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, na cheti cha kompyuta kutoka Eldoret ambacho nilikibeba kwenye bahasha ngumu hata nilipokwenda kununua sukari. Nilikuwa nimeajiriwa na ofisi ndogo ya barua pale Lodwar, chumba kimoja cha mawe nyuma ya ghala la kanisa. Ndani mlikuwa na meza moja, benchi moja, na kompyuta kuukuu iliyokuwa imetumiwa na watu wengine katika nchi nyingine kabla ya kufika kwetu, rangi yake imekuwa ya njano kama meno ya mvuta tumbaku. Dirishani tulitundika gunia ambalo nililimwagia maji kila saa, ili upepo ukipita uipoze mashine. Sisi wenyewe hakuna aliyetumwagia maji. Kazi ilikuwa hivi: kila Jumatano nilipanda gari la ofisi hadi Kakuma, nikakusanya barua za watu wa kambini waliopotezana na jamaa zao, nikarudi nazo Lodwar kulikokuwa na laini ya simu, nikazichapa, nikazituma. Majibu yakija niliyachapisha kwenye karatasi na kuyapeleka Jumatano iliyofuata. Mkuu wangu alikuwa Bwana Ekai, mtu mpole, mwenye shati moja la mikono mirefu kwa ajili ya wageni, ambaye hakujua kompyuta na hakuona aibu kusema hajui. Ningelijifunza hilo tu kutoka kwake, nisingelikuwa na sura hii ya kuandika.

Kilichounganisha kompyuta na laini ya simu kilikuwa modemu, kiboksi kizito cha rangi ya kijivu kilichokaa nje, juu ya kitabu cha nyimbo, chenye taa nyekundu tano usoni na spika ndogo tumboni. Kilipopiga simu Nairobi kililia. Wasiowahi kuisikia sauti ile siwezi kuwasaidia sana: kwanza mlio wa namba, kisha mluzi mrefu, kisha mluzi mwingine wa kuujibu, kisha mkwaruzo wa vitu viwili vinavyogombana, halafu kimya cha ghafla, na kimya hicho ndicho kilichokuwa habari njema. Mama Apua, aliyeuza chai ya maziwa ya mbuzi barazani kwetu, hakuwahi kuizoea. “Weh, msomi wa Eldoret! Hiyo mbuzi yako imeanza tena. Chinja iishe!” Wateja wake wakacheka huku wakimumunya mandazi, na mimi ndani nikajisikia mtu muhimu, kwa sababu anayechekwa na mtaa mzima kwa kazi yake angalau ana kazi.

Papa Kabwe aliingia chumbani mwetu mwaka huo, mwanzoni mwa Kwaresima. Alikuwa amepewa ruhusa ya siku kumi kutoka kambini aje hospitali ya Lodwar kutazamwa macho, lakini asubuhi zake alizimalizia kwenye benchi letu. “Kule kuko wagonjwa,” alisema. “Huku kuko simu.” Kwao Kalemie alikuwa fundi wa simu za reli, na alikuwa na majivuno ya kazi hiyo ambayo vita havikumnyang’anya. Alivaa koti katika joto lile. Alinisahihisha jinsi nilivyozungusha waya. Modemu ilipoanza kulia yeye alifumba macho yake mabovu akainua kidole. “Sikiliza, mademoiselle. Sasa iko nasalimia. Iko nauliza, uko salama? Yule wa Nairobi iko najibu, niko, na weye? Sasa bado hawajasikilizana sauti. Ngoja. Ngoja... voilà.” Nilimwambia kwamba na sisi Waturkana tuko hivyo hivyo, huwezi kumwaga habari kabla salamu haijaisha: ejok, ejok-noi, watoto, mbuzi, mvua, ejok tena, ndipo useme fulani amekufa. Alifurahi mno. Kuanzia siku hiyo akaniamkia kwa ejok kila asubuhi, akiivuta kwa Kikongo, na mimi nilipotoka kwenda kunywa chai nilimwiga mbele ya Mama Apua, kidole juu, macho yamefumbwa, “iko nasalimia, iko nasalimia,” hadi mama wa watu akamwaga chai kwa kicheko. Mlango wetu ulikuwa wa pazia. Masikio ya Papa Kabwe nimekwisha kuyaeleza.

Ilikuwa siku ya nane ya ruhusa yake barua ya Mapendo ilipokuja. Niliisoma kwa sauti, kwa kuwa macho yake hayakuweza. Binti alikuwa Kigoma, amehifadhiwa na familia moja iliyotoka Kalemie, na barua ilitumwa kupitia misheni ya pale. Alikuwa na miaka kumi na sita. Alisema ameandika sehemu sita na hii ni ya saba; kama baba yake yuko hai Kakuma ajibu kabla ya Pasaka, kwa sababu baada ya Pasaka familia ile ingehamia kusini, Zambia, naye hangekuwa na sababu ya kubaki peke yake. Papa Kabwe hakulia. Alivua koti, akalikunja, akaliweka magotini, akasema, “Andika.” Akanitamkia jibu fupi, akilipima kwa vidole kama simu ya maandishi ya zamani, neno kwa neno, na nilipotaka kuongeza salamu za adabu alinikataza. “Barua ndefu inachoka njiani.” Nililichapa. Jioni ile, kabla sijalituma, mvua ya kwanza ya msimu ikashuka milimani ikaja na radi, radi ikapita kwenye waya wa simu, ikaingia chumbani mwetu na kuiua modemu ya kijivu. Taa zote tano zilizimika. Kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua.

Bwana Ekai alisema, “Wewe ndiye unayejua. Nenda Kitale ulete nyingine, utakayoona inafaa.” Papa Kabwe alikuwa amefungasha kurudi kambini, alisimama mlangoni na fimbo yake. “Mwana, leta ile ya inje. Ile ya taa, nzito. Hata kama ni ya polepole. Iyi ligne, iyi laini ya simu, iko na mchanga ndani, na iyi kompyuta imezeeka kama mimi. Mzee humubebeshe mzigo na umuambie akimbie.” Nilikuwa na haraka, na Bwana Ekai alikuwa akisikiliza, na cheti changu kilikuwa mezani ndani ya bahasha yake. Nikamjibu, “Papa, wewe ulifanya kazi na simu za kuzungusha mkono. Mambo yamebadilika.” Bwana Ekai akacheka kidogo, kwa adabu, kama mkuu anavyocheka. Papa Kabwe naye akacheka. Nimekumbuka kicheko hicho cha pili katika vyumba vingi nilivyolala tangu siku hiyo.

Dukani Kitale zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ndugu wa ile iliyokufa, kiboksi cha nje kilichotumika, taa zake zina vumbi, kasi yake imepitwa. Ya pili ilikuwa mpya, kadi nyembamba ya kuchomekwa ndani ya kompyuta, ikiwa ndani ya sanduku lenye picha ya umeme wa zambarau, na kasi yake ilikuwa karibu mara mbili. Mwenye duka, mtu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliniuliza swali moja tu. “Kompyuta yenu ni ya zamani?” Nikasema, “Hapana, ni mpya.” Sijui kwa nini. Najua. Sikutaka aone kwamba natoka mahali penye kompyuta ya njano. Akaeleza hata hivyo, kwa upole, kwamba kiboksi cha nje kina akili yake chenyewe, kinabishana na laini mbaya bila kumsumbua mtu, lakini hii kadi mpya haina akili; inaazima akili ya kompyuta, na kompyuta ikiwa dhaifu, simu inakatika. Hayo yaliandikwa pia chini ya sanduku, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Niliyasoma. Nilifundishwa kusoma herufi kama zile. Ndilo jambo pekee ambalo cheti changu kilinipa. Nikaweka kidole gumba juu ya herufi zile nikasema, “Nipe hii.”

Siku ya kwanza ilipiga simu vizuri, ikasalimia, ikajibiwa, na kabla barua hata moja haijaondoka, ikakatika. Nikapiga tena. Ikakatika. Kompyuta ilikuwa ikisota kama punda aliyepandishiwa mitungi minne, kishale kikiganda katikati ya kioo. Kadi ile haikuwa na spika yake; ililia kupitia spika za kompyuta, kubwa zaidi, hata Mama Apua akawa anahesabu kutoka barazani. “Tano! Msomi, mbuzi yako inakufa kabla haijamaliza kulia!” Siku ya tatu kulikuwa na wageni wa Bwana Ekai, shati la mikono mirefu limevaliwa, na modemu ikapiga mayowe mara saba mbele yao ikashindwa mara saba. Walipotoka nilifungua ukurasa wa mipangilio, nikatafuta mahali pa sauti ya modemu, nikakivuta kile kitufe hadi mwisho wa kushoto, palipoandikwa kwamba hapana sauti. Tangu hapo ilishindwa kimya kimya. Bwana Ekai akasema, “Aa, umeitengeneza,” na mimi sikusema kitu, na hivyo ndivyo uongo ulivyoingia chumbani, ukaketi kwenye benchi pamoja nasi.

Jumatano nilikwenda Kakuma. Nyumba ya Papa Kabwe ilikuwa ya udongo, ndani kuna giza zuri la baridi, na ukutani ulining’inia ufunguo mkubwa wa chuma kwenye msumari. Alikuwa amepika mwenyewe, sombe ya majani ya muhogo na ugali na samaki mkavu wa ziwani, na majirani wawili walikuwa wamealikwa kuja kusikia. Hakunisubiri niketi. “Imeenda?” Nilikuwa na maneno kamili mdomoni. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi garini: Papa, nilichagua vibaya, nipe siku chache. “Imeenda,” nikasema. Majirani wakapiga vigelegele. Yeye aligeuza sikio moja upande wangu. “Uliisikia?” “Niliisikia, Papa.” “Mwisho ililia namna gani?” Nikamwambia ililia kama mvua nyembamba juu ya bati, halafu kimya. Nilibuni. Nadhani huo ndio uzushi wangu wa kwanza uliokuwa mzuri, na watu huniuliza kwenye mikutano ya waandishi nilianza lini kutunga, nami hutaja kitu kingine. Papa Kabwe alikaa na maneno yale kwa muda, kama anayeonja chumvi. Kisha akachukua kichwa cha samaki, sehemu ambayo kwao hupewa mgeni wa heshima, akakiweka kwenye sahani yangu.

Ningeweza kuitoa barua ile kwa njia nyingine. Hili ndilo ambalo nikiwa macho kitandani siwezi kulizunguka. Kila Ijumaa ndege ndogo iliondoka Lodwar kwenda Nairobi na rubani alibeba bahasha za ofisi; disketi moja mfukoni mwake, mtu wa Nairobi angeituma siku hiyo hiyo. Lakini kuomba hivyo kulihitaji kumwambia Bwana Ekai kwamba modemu haifanyi kazi, na ya kwamba niliambiwa haitafanya, mara mbili, na mzee wa kambini na mtu mwenye miwani ya uzi. Zilipita Ijumaa tano. Kila asubuhi niliwasha kompyuta, nikafungua sanduku la barua zinazotoka, nikaikuta pale, juu kabisa, kwa Mapendo. Niliisoma, nikabonyeza itume, nikangoja katika kimya nilichokitengeneza mwenyewe, ikakatika. Kila Jumatano aliniuliza kama jibu limekuja, nami nikamwambia watu wa Kigoma ni wavivu. Jumatano ya tatu aliacha kuuliza ililia namna gani.

Pasaka ikapita. Juma lililofuata nilishikwa na malaria na Bwana Ekai, ambaye hakujua kompyuta, akamwita mwalimu wa sekondari aje atazame kama kuna barua. Niliporudi walikuwa wote wawili mbele ya kioo. “Nakiru,” Bwana Ekai alisema taratibu, “hizi zote zinafanya nini hapa?” Nikasema, “Ni laini. Laini imekuwa mbaya.” Mwalimu alikuwa ameona mpangilio wa sauti. Alinitazama, akanisitiri. Akatuazima modemu ya shule, ya nje, nzito, ya polepole, taa tano. Ililia, ikasalimia, ikajibiwa, na taa zikawaka kama mtu anayefumbua macho, na barua zote za majuma yale zikaondoka kabla chai ya Mama Apua haijapoa. Jibu la Kigoma lilifika kesho yake. Lilikuwa la mstari mmoja na nusu: binti ameondoka na familia siku nne baada ya Pasaka, anwani ya Zambia hatuna, poleni.

Nilimsomea Papa Kabwe mstari huo ndani ya giza la nyumba yake. Hapakuwa na majirani siku hiyo, wala chakula. Aliniuliza nirudie, nikarudia. “Barua yangu ilichelewa,” alisema. “Ni laini, Papa. Ulisema mwenyewe, ina mchanga.” Alinyoosha mkono akaugusa ufunguo ukutani, akauacha uning’inie tena. “Ligne haina ubaya, mwana,” alisema. “Ligne inabeba tu kile umeipa.” Kisha akaniuliza kama nimekula. Mwisho wa mwaka huo niliacha kazi nikahama, na niliposikia, baada ya miaka kumi na mmoja, kwamba baba na binti wamepatana kwa simu ya mkononi, nilifurahi kama mwizi anavyofurahi kusikia mwenye mali amejipatia nyingine.

Walipomaliza kumzika, Mapendo alinichukua hadi ndani ya nyumba ya marehemu, ile ya Kalobeyei, ya matofali, akafunga mlango nyuma yetu. Ufunguo ulikuwa ukutani. Alikaa kitandani kwa baba yake, mimi nikabaki nimesimama. “Tuliongea miaka mingi kwa simu,” alisema, “lakini sikupata nauli ya kuja, na nilipopata ndiyo hivi. Sasa, kuna kitu kimoja alinikatalia. Nilipomwambia mimi sikupata jibu Kigoma, alisema aliandika. Nikamuuliza, uliandika nini? Kila mara alinijibu neno lile lile: utamuuliza Nakiru, iko naye.” Akafuta jasho la shingo kwa kitambaa. “Najua ni zamani, dada. Pengine umesahau.”

Nilifungua mdomo, na nilichotegemea kutoa kilikuwa pole. Kilichotoka kilikuwa barua. “Mapendo, niko hai. Macho yamepungua, masikio yapo. Usiende kusini na watu. Kaa hapo hapo, mimi ndiye nitatafuta njia. Mama yako nilimzika vizuri kwa mikono yangu, usiamini atakayekuambia vingine. Ufunguo wa nyumba ninao ingawa najua mlango haupo. Jibu neno moja tu, lolote. Nitajua ni weye. Baba.”

Nje akina mama walikuwa wakigonganisha sufuria, na mtu alikuwa akimwuliza mwenzake kwa Kiturkana maji yako wapi. “Umeiweka kichwani yote,” Mapendo alisema hatimaye. “Kwa nini?”

“Kwa sababu niliisoma kila asubuhi kwa majuma matano. Haikutoka. Nilinunua modemu mbovu huku nikijua, halafu nikamwambia baba yako imekwenda. Ungebaki Kigoma. Haikuwa laini, Mapendo. Ilikuwa mimi.”

Alinitazama. Sikuona msamaha usoni mwake na sikuutafuta. Alivua kitambaa cheusi, akakikunja, akakiweka magotini, kama baba yake alivyofanya na koti, yakaonekana masikio yote mawili. Akafumba macho.

“Sema tena,” alisema. “Toka mwanzo. Na uinue sauti.”